Jiwe Ambalo Halikugawiwa Mtu

Kombewa,
14 Februari 1988

Kwa mwanangu Dishon,

Salamu nyingi zikufikie huko Nyalenda. Hujambo? Kile kikohozi cha vumbi la mbao kimepungua? Sisi huku tuko wazima, ila goti langu la kushoto limekuwa la kutabiri mvua. Likianza kuuma tu, naenda kuanua samaki wangu wa omena. Mbuzi yule mweupe amezaa pacha. Anayeandika ni Agneta, mke wa Shitanda, yule fundi wa nguo pale sokoni, maana mkono wangu unajua jembe na kisu basi. Anasema nisiongee haraka.

Nyathina, mwanangu, nina jambo. Tangu mwaka jana nasikia kitu katika banda la baba yako. Huja saa tisa alasiri, kivuli cha banda kikifika mlangoni pangu. Nasikia jiwe likinolewa. Si upepo, na si panya. Ni sauti ile unayoijua: chuma kinakwenda, kinarudi, kinakwenda, kinarudi, halafu kimya kidogo, kama mtu anajaribu makali kwa kidole gumba. Nikiingia hakuna mtu. Jiwe liko pale pale juu ya benchi, kavu kabisa. Mchungaji ameomba mara mbili, na mara ya pili sauti ilianza kabla hajasema amina. Alivaa kofia akaenda.

Baba yako mdogo Oketch anasema sisi ndio tuliokosea. Siku ya kugawa vyuma vya marehemu, keyo nyinyo, kila chuma kilipata mtu. Wewe ulipewa randa, patasi na tezo. Oketch akachukua panga. Hata misumari iliyobaki kwenye mkebe ilipata mwenyewe. Lakini jiwe si chuma, kwa hiyo hakuna aliyelitaja, likabaki hapo. Mzee wetu ziwa halikumrudisha. Nyuma ya nyumba tumezika tunda la mti wa yago mahali pa mwili wake. Sasa atatulia vipi kama kuna kitu chake hakijapata mtu?

Mwenye randa ndiye mwenye jiwe. Njoo ulichukue. Ni karibu miaka miwili tangu matanga na hujakanyaga hapa hata siku moja. Watu wananiuliza kama una mke huko anayekufungia mlango. Nasema ndiyo, ili wanyamaze.

Ni mimi mama yako,
Seline


Nyalenda, Kisumu,
20 Machi 1988

Mama mpendwa,

Nimepata barua yako na nimefurahi kusikia habari za mbuzi. Goti lifungie kitambaa chenye maji moto. Kikohozi kimepungua. Mwambie Dada Agneta mwandiko wake ni mzuri kuliko wa karani wetu.

Kuhusu hilo jiwe, Mama, usihangaike. Hapa kwa fundi Khaemba kuna jiwe tunalotumia sote, linatosha. Lile la Baba limelika katikati, lina bonde kama mtumbwi, na chuma cha randa kikinolewa juu yake hakitoki sawa. Halifai kazi. Mpe Baba mdogo anolee panga lake. Sauti unayosikia labda ni mabati ya banda, yanapanuka kwa jua. Mabati hufanya hivyo alasiri.

Kuja nyumbani nitakuja. Sasa hivi tuna milango ya kanisa la huku, na Khaemba hataki mtu akosekane.

Hakuna mke, Mama. Wala hakuna mlango wa kufunga, ni pazia tu.

Mwanao,
Dishon


Kombewa,
8 Mei 1988

Mwanangu Dishon,

Unaendeleaje? Huku mvua imetupiga vizuri, mahindi yananifika kiunoni. Goti halijambo. Kitambaa cha maji moto kimesaidia, ahsante daktari.

Mabati, unasema. Nimeishi jirani na mabati hayo miaka kumi na saba, nayajua yakipanuka na yakisinyaa. Usinifundishe.

Jiwe nimelituma. Shitanda anakuja Kisumu kununua vitambaa, atakupa mkononi. Nimelifunga kwa shati la baba yako, lile la mistari ya bluu, alilokuwa akivaa kazini. Baba yako mdogo anasema likifika kwako mambo yataisha.

Neno moja, Dishon, na Agneta nimemwambia aliandike kwa herufi kubwa: USILISAWAZISHE. Usiliguse kwa mchanga. Bonde lile ni mkono wa baba yako. Miaka yote ile alisukuma na kuvuta mahali pale pale, mpaka jiwe likashika mkono wake. Hatuna mwili wake, hatuna hata picha nzuri. Tuna bonde hilo. Nolea juu yake vile lilivyo, au liweke tu.

Ni mimi mama yako,
Seline


Nyalenda, Kisumu,
21 Agosti 1988

Mama mpendwa,

Salamu. Natumaini goti, mbuzi na mahindi vyote ni vizima. Mimi mwili hauna shida.

Dada Agneta, nakuomba ukifika hapa umpeleke Mama mahali pasipo na watu, ndipo uendelee kusoma. Na ukimaliza, uyaache maneno haya hapo hapo.

Mama, jiwe lilifika. Shitanda alinikabidhi mwenyewe. Nimekaa nalo miezi mitatu chini ya kitanda, ndani ya shati. Jumamosi iliyopita nililitoa. Najua ulinikataza, lakini nilikuwa silali.

Nilichukua kipande cha kioo cha dirisha, nikakilaza mezani, nikamwaga juu yake mchanga uliochekechwa, kisha maji. Halafu nikachora mistari ya penseli juu ya uso wote wa jiwe, ya kwenda na ya kukata, kama Baba alivyonifundisha. Unasugua mpaka mistari ifutike. Inapobaki ndipo penye bonde, na kazi haijaisha mpaka mstari wa mwisho wa katikati uondoke. Nilisugua saa nzima. Ya pembeni ikafutika. Ya katikati ikabaki myeusi vile vile, nikashindwa kuendelea. Mara ya mwisho kuitazama mistari hiyo ilikuwa Machi ya themanini na sita.

Wiki ile tulikuwa tunamalizia mbao za mashua. Macho ya Baba yalikuwa yameshaingia ukungu, unakumbuka, alikuwa anatusalimu kwa kufuata sauti. Kunoa aliniachia mimi. Akaniambia, "Dishon, hilo jiwe limelika katikati. Lisawazishe leo, kabla hujagusa chuma cha randa." Jiwe lenye bonde linakipa chuma tumbo. Chuma chenye tumbo kinachimba ukingo wa ubao. Mbao mbili za namna hiyo zikikutana zinagusana pembeni tu, katikati kuna nafasi, na pamba na lami za kuziba haziwezi kukaa hapo muda mrefu.

Nilichora mistari. Nikasugua kidogo. Siku hiyo kulikuwa na mpira Kombewa, na wenzangu walikuwa wananipigia mluzi kutoka njiani. Nikatia mate kwenye kidole, nikafuta mistari yote kwa kidole. Jiwe likawa safi.

Baba akauliza, "Mistari imeisha?" Nikasema, "Imeisha, Baba."

Kesho yake randa ilipomaliza kupita, alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ubao, akasimama. Akapitisha tena. "Jiwe ulilisawazisha kweli?" "Kweli, Baba." Akaitisha misumari. Aliamini mdomo wangu kuliko kidole chake.

Siku ya kushusha mashua alipanda peke yake, kwa sababu fundi ndiye hupanda kwanza. Nilikuwa nimesimama ufuoni. Niliona ubavu wa kushoto ukianza kulala kabla upepo haujaja. Upepo ulikuja baadaye. Watu wote walisema ni upepo, na mimi nikasema ni upepo.

Ndiyo sababu siji nyumbani. Si milango ya kanisa. Mimi ndiye niliyemuua Baba, na sasa anasugua jiwe kila alasiri kumaliza kazi niliyoiacha. Nimelia sana, Mama. Ukitaka kunikana, nikane, lakini unijibu.

Mwanao,
Dishon


Nyalenda, Kisumu,
27 Novemba 1988

Mama mpendwa,

Hujambo? Mbuzi hawajambo?

Shitanda nilimwona mjini wiki mbili zilizopita. Alisema barua ilisomwa yote, na kwamba wewe ni mzima na unakwenda kanisani mara nyingi kuliko zamani, hata siku za kazi. Nikamuuliza ulisema nini. Akasema Agneta hajamwambia kitu.

Nangoja jibu lako, liwe lolote.

Mwanao,
Dishon


Nyalenda,
19 Februari 1989

Mama,

Hujambo? Sitaandika tena kukusumbua. Jiwe ninalo. Sijaligusa tena.

Dishon


Kombewa,
11 Juni 1989

Mwanangu Dishon,

Hujambo? Mimi sijambo. Ni mimi mwenyewe ninaandika. Hakuna Agneta. Herufi ni kubwa, usicheke.

Agneta aliposoma barua yako nilimwambia aikunje. Akauliza, nijibu nini? Jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa jibu la kupita mdomoni mwa mtu mwingine. Hata mchungaji hajalisikia. Nikaenda gumbaru, shule ya watu wazima. Tunasoma kanisani, Jumanne na Alhamisi, na mwalimu wetu ni Kageha. Tuko akina mama kumi na mzee mmoja anayelala. Nimesoma karibu miezi tisa. Kila nikijua herufi mpya nilimuuliza mwalimu, sasa zinatosha kuandika barua? Akasema, bado, mama.

Nisamehe kwa kukuacha muda huo wote. Ile barua yako fupi ya Februari niliisoma mwenyewe. Ilinichukua Jumapili nzima. Nilipofika mwisho nikakuta hukuandika "mwanao". Nikarudi mwanzo nikidhani nimeruka.

Sasa sikiliza. Lile bonde si mkono wa baba yako. Nilikudanganya. Ni mkono wangu.

Mlipokuwa mnakwenda ufuoni, mimi nilikuwa nachukua jiwe na kunolea kisu cha kupasulia mbuta. Mbuta ana magamba magumu, kisu kinakufa haraka. Baba yako alikuwa amenikataza. Kisu cha samaki kisikanyage jiwe la randa, alisema. Fundi hutumia jiwe lote, mbele mpaka nyuma. Kisu chembamba kinakula katikati tu. Nilikuwa nalisafisha kwa majivu harufu itoke, nalirudisha. Miaka mingi. Alikuwa anashangaa, mbona jiwe hili linakwisha hivi? Na mimi nashangaa naye.

Kuna lingine, ndilo lililonipeleka shule.

Asubuhi ya siku ile alikunywa uji hapa jikoni. Akaniambia, "Ubavu wa kushoto una nafasi. Nimeisikia kwa kidole." Nikamwambia, basi bandua ubao. Akasema, "Dishon ameniambia mara mbili ni sawa. Nikibandua mbele ya watu nitakuwa nimemwita mwongo. Nitazunguka karibu na matete, nirudi. Ikinywa maji ataona mwenyewe, na mimi sitasema kitu."

Unaona? Hakuamini mdomo wako. Alikuwa anauficha usionekane na watu.

Mimi ningesema, usiende. Ningeshika kile kikombe. Lakini ningeshikilia, tungefika kwenye jiwe. Angeuliza limeliwa na nini, na siku hiyo ningeshindwa kushangaa. Nikaogopa aibu ya kisu. Nikamwongezea uji.

Kwa hiyo usichukue yote peke yako. Wewe una sehemu yako, sitasema huna. Mimi nina yangu, na ni kubwa. Hata yeye ana yake, maana alikuwa mkaidi, na nimemkasirikia kwa hilo miaka mitatu.

Jiwe liliondoka na sauti ikabaki. Saa tisa, kila siku, juu ya benchi tupu. Yule mzee bandani anangoja sisi wawili.

Njoo na jiwe. Kioo usilete. Hapa kuna kitu kimoja tu kilichonyooka kabisa, ni saruji ya kaburi la tunda, fundi Waliaula aliipiga kwa pima maji. Mchanga na maji tutachota ziwani. Wewe utachora mistari, mimi nitasugua.

Mkono umechoka. Wewe ni mwanangu. Hilo neno nilijifunza kuliandika kabla ya jina langu.

Mama yako,
SELINE


Nyalenda, Kisumu,
16 Julai 1989

Mama mpendwa,

Hujambo? Sijui niseme nini, na mimi nilifika darasa la nane. Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Nilikasirika, Mama. Sitakuficha. Siku tatu nilikuwa na hasira nawe kwa ajili ya ule uji. Siku ya nne nikajiona nimekaa na kikombe mkononi, nakuonea huruma.

Nakuja Jumamosi, tarehe tano Agosti. Nina penseli. Usimwambie mtu aje kunipokea.

Mwanao,
Dishon


Kombewa,
12 Agosti 1989

Mwanangu Dishon,

Hujambo? Ulifika salama? Yale mahindi ya kuchoma ulikula njiani au ulimpa Khaemba? Mimi sijambo, ila mabega bado yananiuma kwa kusugua. Goti linacheka mabega.

Nimefurahi sana kukuona. Umekonda. Ulipokuwa unachora mistari ulisimama, ukaanza upya, nikajifanya natafuta kata ya maji. Na wewe uliniona nikilia pale mchanga ulipoanza kulia juu ya saruji, ukajifanya unatafuta kitambaa. Nilidhani kulia kwangu kulikwisha. Ule mstari wa katikati ulikuwa mgumu, eh? Nilihesabu mara nne nikidhani umekwenda, tukimwaga maji tunaukuta. Ulipouliza, "Mistari imeisha, Mama?" sikukujibu mpaka nilipolipeleka juani nikaangalia kwa macho yangu, halafu kwa kidole. Imeisha. Jiwe limebaki jembamba, lakini limenyooka. Ulifanya vizuri kulichukua urudi nalo Kisumu. Ni lako, nimemwambia Oketch na amekubali, amelitaja jina lako mbele ya watu wa nyumbani. Sasa limegawiwa.

Nilitaka kukueleza mambo ya sauti.

Jumapili ulipoondoka, saa tisa, nilikuwa kanisani. Jumatatu nilikaa mlangoni. Kivuli cha banda kikaja, kikafika miguuni, kikapita. Kimya. Nikasema, ahsante Mungu, mzee amepumzika. Nikaenda jikoni, nikapika, nikajikuta nimepika ugali wa watu wawili.

Hapo ndipo nilipolia, Dishon, kilio ambacho sikulia hata siku ile tulipozika tunda. Unajua, miaka yote hii nilikuwa naogopa ile sauti, lakini kila alasiri ikianza nilikuwa najua yuko wapi. Nilikuwa naipigia kelele. Nilikuwa naiambia, wewe mzee, punguza, kichwa kinaniuma. Siku nyingine naiambia bei ya samaki. Watu waliniita mjane, nikaitika, lakini mjane nimekuwa Jumatatu iliyopita.

Sijuti. Kazi ilikuwa lazima iishe, na mimi nalala sasa. Ni kwamba hakuna aliyeniambia itakuwa kimya namna hii.

Kisu changu nanolea kwenye kile kijiwe nilichookota mtoni. Ni kibaya, lakini ni changu.

Ukija Desemba, uje na jiwe na randa. Ingia bandani saa tisa, kivuli kikifika mlangoni pangu, unoe. Hata kama hakuna cha kunoa, noa. Mimi nitakuwa jikoni, na sitatoka kuangalia ni nani.

Mama yako,
Seline